Mimi Nililala Tunduma, Simu Yangu Ikalala Zambia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Iringa. Nimeoa na nina mtoto mmoja. Familia yangu ipo Uyole, Mbeya. Nimeajiriwa na kampuni ya uwakala wa forodha, na miezi mitatu iliyopita nilihamishiwa Tunduma. Nimepanga chumba hatua chache tu kutoka mpakani. Nyumbani narudi Jumamosi mchana, Jumapili jioni napanda kosta narudi kazini.

Kazi yangu ni kufuatilia kadhia, yaani hati za forodha, za malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Kwa siku napiga picha makaratasi hamsini, sitini hivi: ankara, kadi za magari, namba za lakiri (sili za mizigo), leseni za madereva. Simu ni yangu, ina laini mbili. Moja naiwekea vocha mwenyewe. Nyingine ni ya ofisi, ile ya kutumia kwanza halafu kampuni inaletewa bili mwisho wa mwezi.

Miezi miwili ya mwanzo hakukuwa na neno. Mwezi uliopita bosi kanipigia kwa hasira. Bili ya laini yangu imekuja shilingi 287,400, na ndani yake 241,000 ni za romingi ya Zambia, yaani laini kutumia mtandao wa huko, usiku wa siku nne tofauti. Nilimwambia sijavuka mpaka usiku hata mara moja. Akanijibu, "Simu haina miguu. Kama ilikuwa Zambia, wewe ndiye uliyeibeba." Anaamini nilikuwa Nakonde, upande wa Zambia, nakula maisha. Kinachomtia nguvu ni kwamba asubuhi ya siku moja kati ya hizo nilichelewa kazini. Alamu ilinichezea, nikafika nikakuta wateja wamejaa na mlango bado una kufuli. Kwa hiyo eti nilikesha ng'ambo. Ameshasema hela yote ya romingi inakatwa kwenye mshahara wa mwezi huu. Mshahara wenyewe ni 620,000.

Hilo ni moja. La pili linaniuma zaidi. Jumapili moja mke wangu alichukua simu aangalie picha za mtoto, akakutana na meseji ya kiingereza inayonikaribisha Zambia, imeingia Jumanne saa tatu na nusu usiku. Akaniuliza, "Jumanne si uliniambia umelala mapema?" Nikaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia naongea kama mtu mwenye kosa. Hakugomba. Afadhali angegomba. Siku hizi hanipigii usiku, anasubiri nipige mimi, na nikipiga swali la kwanza ni, "Uko nchi gani?"

Shangazi, wana haki ya kunikata? Na nitamthibitishiaje mtu kwamba sikuwepo mahali ambapo simu yangu inasema nilikuwepo?

Ni mimi kijana wa mpakani, Tunduma.

*

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Nianze na huyo bosi wako, maana kauli yake ni tamu na ndiyo iliyokufunga mdomo. Simu haina miguu, kweli. Lakini mawimbi ya mnara hayapangi foleni kwa afisa uhamiaji. Bili ya simu inasema jambo moja tu: mnara gani uliihudumia laini yako saa ile. Mwenye laini alikuwa amesimama wapi, au amelala kitanda cha nani, bili haijui. Ukishika hilo, mengine yote tutayapanga hapo juu yake.

Kwa Mtanzania aliyezoea Dodoma au Singida, mpaka ni kitu cha mbali chenye pori katikati. Wewe unaujua wa Tunduma ulivyo. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliochorwa mstari. Mama anayeuza ndizi upande huu anamwona mnunuzi wake upande ule. Sasa mnara wa simu, hata ule wa teknolojia ya zamani ya 2G, umebuniwa uweze kufika mpaka kilomita 35 mahali palipo wazi. Milima na majengo huipunguza hiyo, lakini kutoka Nakonde mpaka dirishani kwako huhitaji kilomita 35. Pengine huhitaji hata moja.

Kwa kawaida simu hutafuta kwanza mtandao wake wa nyumbani. Ukiwa barabarani, kazini, mnara wako unaupata vizuri na hakuna tatizo. Usiku unaingia chumbani, tofali za bloku, bati juu, dirisha limeangalia ng'ambo. Au umeme umekatika na betri za mnara wako zimechoka. Simu inahangaika, mtandao wake haiuoni. Hapo panatokea kitu ambacho kilinichekesha siku nilipoelezwa: minara ya mitandao mingine ya Tanzania ipo hapohapo mtaani, imesimama imejaa nguvu, lakini kwa kawaida inaikataa laini yako kwa sababu wewe si mteja wao. Mnara wa Zambia unaipokea kwa mikono miwili, kwa kuwa kampuni yako na ya huko zina mkataba wa romingi. Jirani kakunyima maji, mgeni kakukaribisha, halafu mgeni kakuletea hesabu. Na simu ikishamshika huyo mgeni haina haraka ya kurudi, hata mnara wa nyumbani ukiwa umeshawaka.

Yalishanipata mimi mwenyewe, ndiyo maana naongea kwa uchungu. Nilikwenda msibani Kyela, kijiji cha kule chini karibu na Mto Songwe, ng'ambo ni Malawi. Nilikuwa nimejiunga bando la wiki, dakika tele, na pembeni salio la shilingi 5,000 la dharura. Nimekaa kwenye mkeka na kina mama, dada yangu mkubwa akapiga kutoka Makambako. Mnajua simu za msiba, mtu analia kwanza, mazungumzo yanakuja baadaye. Alilia, nikambembeleza, simu ikakatika. Nikadhani ni mtandao. Kuangalia, salio sifuri, na bando langu limekaa vilevile, halijapungua hata dakika moja. Nilikuwa nimelipia kilio cha dada yangu kwa kupokea tu. Nikiwa nyumbani kupokea ni bure, lakini kwenye romingi anayepokea naye analipa, maana simu imesafirishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Na bando la ndani ni la ndani, likivuka linakaa pembeni linakutazama huku salio likiliwa. Yale makubaliano ya Afrika Mashariki ya kushusha bei za romingi, ambayo watu wa mipaka ya Namanga na Mutukula huyasikia, hayatugusi sisi wa huku kusini. Zambia na Malawi hazimo kwenye Jumuiya hiyo.

Turudi kwako. Umeniandikia ushahidi wako mzuri kuliko wote na ukaupita kama haupo. Umesema alamu ilikuchezea.

Haikukuchezea mwanangu. Zambia na Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu nyingi zimewekwa zijirekebishe saa zenyewe kwa kufuata mtandao, kwa hiyo laini ikishika mnara wa Zambia, saa ya simu inarudi nyuma. Tuseme ulitega alamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Simu ikalia ilipofika saa kumi na mbili, ya Zambia. Tunduma ilikuwa saa moja. Ukapiga mswaki kwa raha zako, ukatoka ukidhani uko mapema. Aliyekesha ng'ambo ni simu peke yake, iliyokuwa kwenye chaji kichwani pako.

Sasa kwa bosi usiende na hadithi hiyo peke yake. Mwombe kwa maandishi, kwa upole, aagize mchanganuo kamili wa bili kutoka kampuni ya simu. Lazima aombe yeye au mtu wake, maana laini imesajiliwa kwa jina la kampuni na wewe ukienda dukani kwao hawatakusikiliza. Mchanganuo utaonyesha kila tukio: tarehe, saa, muda, na kama ni simu au ni data. Wakati huohuo wewe nenda kachukue mchanganuo wa laini yako binafsi kwa siku zilezile nne. Laini zote mbili zimo kwenye simu moja, mfuko mmoja. Ukikuta kwamba saa tatu na nusu usiku ile laini ya ofisi iko mnara wa Zambia, na laini yako imepiga au imepokea kwa mtandao wa Tanzania, basi kwa hoja ya bosi ulikuwa nchi mbili kwa wakati mmoja. Mwachie yeye alitegue.

Sikudanganyi kwamba hilo linathibitisha ulikuwa Tunduma. Minara yetu nayo inavuka kwenda Nakonde, na wao kule wanalalamika hivihivi. Linavunja hoja yake, basi. Kitu kinachoonyesha mwili wako ulikuwa wapi ni kile kilichohitaji mwili wako: meseji ya kutoa hela kwa wakala wa mtaani kwako usiku ule, mama wa chipsi anayekujua, mwenye nyumba anayefunga geti. Muhuri wa pasipoti haukusaidii sana. Bosi atakwambia kuna njia za panya, na kwa Tunduma sina nguvu ya kumbishia.

Kuna mahali ulilegea, na ni bora ulitaje kabla hawajalikuta wenyewe. Nakuuliza: hizo picha sitini za kila siku, simu yako haijawekewa kuzihifadhi zenyewe mtandaoni? Wengi tunabonyeza kubali wakati tunawasha simu mpya tukasahau. Kazi hiyo simu huipenda kuifanya usiku, ikiwa kwenye chaji na haiguswi. Picha moja ya karatasi inaweza kuwa na megabaiti tatu au nne. Zidisha kwa sitini, unafika megabaiti mia moja na themanini au zaidi, na kwa bei za romingi hiyo ni hela ya mbuzi. Kama mchanganuo utaonyesha kwamba sehemu kubwa ya 241,000 ni data ya saa nane usiku na siyo maongezi, hiyo nayo inakusaidia. Mtu anayekula maisha Nakonde hakai baa kupandisha picha za lakiri. Lakini kosa la kuacha data wazi kwa kuwa ofisi inalipa, lichukue.

Kuhusu mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimpi mwajiri ruhusa ya kukata hela kwa sababu amekasirika. Kama anadai umemtia hasara, inatakiwa uwe umekubali kwa maandishi kukatwa, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akuandikie chanzo cha deni, kiasi chake na namna alivyokipiga hesabu, na akupe nafasi ya kupinga. Hata hayo yote yakitimia, makato hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara. Robo ya 620,000 ni 155,000. Kwa hiyo hiyo 241,000 kwa mkupuo haipiti hata kama ungekuwa na kosa la wazi. Usisaini karatasi yoyote ya kukubali deni kabla mchanganuo haujaja. Narudia, usisaini, hata ukiambiwa ni ya utaratibu tu.

Akikata kwa nguvu, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanaiita CMA. Madai ya aina hii yana siku 60 za kufungua, usikae nayo mwaka mzima ukilalamika kijiweni. Ila kabla ya huko mpe bosi njia ya kutokea. Bili yenyewe inaweza kupingwa. Kampuni iandike malalamiko kwa mtoa huduma wa simu kwamba mtumiaji hakuvuka mpaka na laini ilidakwa na mnara wa jirani. Wakijibu ovyo au wasipojibu, kuna Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na ofisi yao ya kanda iko Mbeya. Sikuahidi kwamba hela itarudi yote. Watoa huduma hupenda kusema mteja alipaswa kuzima romingi. Lakini mwajiri aliyeshika barua ya malalamiko mkononi anasahau kidogo kumkaba mfanyakazi wake, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Sasa simu. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, laini ya ofisi, zima romingi ya data. Hiyo itafunga mfereji mkubwa, ila haizuii simu za kupiga na kupokea. Kwa hizo kuna njia mbili. Mwombe bosi aandike laini ifungwe romingi kabisa hukohuko kwa mtoa huduma. Huyo anayelalamikia bili atafurahi kuandika hiyo barua. Au wewe mwenyewe acha simu isichague mtandao yenyewe, chagua kwa mkono. Simu itatafuta kwa dakika moja, mbili, halafu italeta orodha. Wakati mwingine orodha inakuja na namba badala ya majina, usibabaike: zinazoanza na 640 ni za Tanzania, 645 ni Zambia, na ukishuka mpakani Kasumulu utaziona za 650, ndiyo Malawi. Bonyeza mtandao wako. Kuanzia hapo mnara wako ukipotea simu itakaa bila huduma, haitakwenda kwa jirani. Usiku utapitwa na simu moja mbili za madereva waliokwama foleni. Vumilia. Laini yako binafsi nayo ifanyie hivyohivyo, usisubiri nayo ikufundishe.

Uwe unatazama juu ya skrini pia. Simu nyingi huweka herufi R kando ya vile vijiti vya mtandao zikiwa romingi. Na nunua saa ya mezani ya betri, zile za mshale, itege alamu humo. Hiyo haiulizi mnara wowote.

Nimemwacha mkeo mwisho kwa kuwa kwake hakuna kifungu cha 28.

Kwanza acha kumweleza. Umeshaeleza, na mwenyewe umeona maelezo yalivyokugeuka. Mtu aliyeachwa Uyole na mtoto, anakuona siku moja kwa wiki, halafu anakutana na meseji ya Karibu Zambia usiku ambao uliaga unalala, alichowaza ni alichopaswa kuwaza. Hata mimi ningewaza. Na kwa kweli mwanangu mimi sikuwepo hapo Jumanne, ninayoyasema ni ya minara tu. Kama kuna usiku mwingine ulivuka kwa miguu yako na unatumia barua hii kuufunika, hayo yamalize kwanza.

Kama hakuna, mwambie Jumamosi hii zamu ya kusafiri ni yake. Achukue mtoto, wapande kosta waje Tunduma, ni kilomita mia na ushee tu. Kabla mtoa huduma hajaifunga romingi, irudishie simu uchaguzi wa mtandao ulivyokuwa, data izime, umpe aishike mwenyewe. Usiku akae nayo kizingitini, aingie nayo ndani, asogee nayo dirishani, wewe kaa mbali ukoroge uji wa mtoto. Mnara ukiidaka, saa itaruka nyuma mbele ya macho yake na meseji itamkaribisha yeye Zambia akiwa amevaa kandambili zako. Isipoidaka usiku huo, basi ameona unapoishi, ameona chumba kina kitanda kimoja na pasi ya mkaa, amesalimiana na mwenye nyumba. Hilo nalo si dogo.

Na siku akikupigia tena usiku akauliza uko nchi gani, usikasirike. Itazame simu umsomee saa. Ikiwa nyuma ya ile ya kwake kwa saa moja, mwambie akate upesi, uirudishe simu nyumbani kwanza, kwa sababu hapo mnalipa wote wawili.

Shangazi